Kurekodi mahojiano ya podikasti na mgeni aliye mbali: mwongozo kamili wa sauti na picha

Wengi wanaoanza podikasti hapa Arusha na Moshi hurekodi mahojiano ya mbali kwa namna moja. Wanampigia mgeni kwa Zoom au WhatsApp, wanabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha siku ya kuhariri wanakuta sauti inakatikakatika na uso wa mgeni umevurugika. Lawama huangukia maiki, au mgeni mwenyewe. Lakini chanzo ni kwamba maongezi ya mtandaoni hubana sauti na picha ili zipenye kwenye mtandao uliopo kwa sekunde ile. Mtandao ukidhoofika, ubora unashushwa papo hapo, na kilichopotea njiani hakirudi hata uwe na programu ya bei gani ya kuhariri.

Njia ninayoitetea hapa ni hii: mtandao tuutumie kusikilizana tu, na kila mmoja ajirekodi mwenyewe pale alipo. Mafaili yatakutana baadaye kwenye kompyuta yako. Njia hii inamfaa mgeni wa Kibosho, Moshi vijijini, mwenye simu yake ya Tecno kama inavyomfaa mhadhiri aliye London mwenye vifaa vya studio, na inavumilia mtandao wetu wa jioni bila kuharibu kipindi.

1. Chagua namna ya kurekodi

Ziko namna tatu, na utachagua kulingana na vifaa vya mgeni.

Ya kwanza ni programu za kivinjari zinazorekodi kwenye kifaa cha kila mtu, kama Riverside na Zencastr. Unamtumia mgeni kiungo, anakifungua, mnaongea mnaonana. Huku nyuma programu inahifadhi sauti na picha yake kwenye kompyuta au simu yake na kuipandisha polepole kwenye seva. Kama mgeni ana kompyuta nzuri na mtandao wa kueleweka, anzia hapa. Afungue kwa Chrome, asitumie ukurasa wa faragha kwa sababu kivinjari hubana nafasi ya kuhifadhi humo, na asifunge ukurasa mpaka aone upakiaji umefika asilimia 100. Mafaili mengi hupotea hapa mwishoni: mgeni anasema asante, kwaheri, anafunga kompyuta, na nusu ya faili imebaki kwake.

Ya pili ni simu mbili. Moja ya kuongelea, nyingine ya kurekodia. Nasisitiza mbili kwa sababu programu ya maongezi ikishika maiki ya simu, kinasa sauti cha simu hiyohiyo hunyamazishwa au hukataa kabisa kuanza, iwe Android au iPhone. Unaweza kuona saa ya kurekodi inahesabu vizuri, kumbe faili ni kimya kitupu. Kwa wageni wetu wengi hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, maana nyumba ya kukosa simu ya pili ni nadra: ya mke, ya kijana, ya jirani.

Ya tatu ni Zoom yenyewe, ukiwa umewasha kwenye mipangilio ile sehemu ya kurekodi faili la sauti la pekee kwa kila mshiriki. Sauti ya mgeni bado itakuwa imepita mtandaoni, kwa hiyo ichukulie kama akiba. Ila akiba hiyo uwe nayo kila mara, hata unapotumia njia mbili za kwanza. Utaihitaji tena wakati wa kuoanisha mafaili.

2. Panga saa ukizingatia mtaa wa mgeni

Uliza mapema mgeni atakuwa amekaa wapi, na jirani zake ni nani. Karibu na msikiti, epuka Ijumaa mchana na nyakati za adhana. Karibu na kanisa, Jumapili asubuhi ni ya kwaya. Anayeishi Kisongo ana ndege ndogo za watalii zinazoruka na kutua uwanja wa Arusha. Anayekaa barabarani Sakina au Majengo ana bodaboda kutwa nzima. Kwa uzoefu wangu saa 4 asubuhi siku ya kazi ndiyo saa tulivu zaidi majumbani: watoto wako shule na redio za majirani zimepumzika.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mwambie mgeni kabisa kwamba mvua ikianza kupiga bati mtasimama na kusubiri. Hakuna programu inayoondoa sauti ya mvua ya bati bila kuigeuza sauti ya mtu kuwa kama ya roboti.

Mgeni akiwa nje ya nchi, andika saa kwa namna mbili. Sisi tunasema saa 2 usiku, yeye aliyekaa ughaibuni miaka ishirini anaweza kusoma 2:00. Andika "saa 2 usiku ya Tanzania, yaani 20:00". Kumbuka pia kwamba sisi hatubadilishi saa lakini wenzetu hubadilisha: London iko nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi, New York saa saba au nane.

3. Mtumie mgeni maelekezo mafupi

Usimtumie ukurasa mzima wa kanuni, hatausoma. Mtumie ujumbe siku moja kabla, kwa lugha mnayoongea naye. Kwa mtu mzima mimi huandika hivi:

"Shikamoo mzee. Kesho tutaongea saa 4 asubuhi kama tulivyokubaliana. Naomba unisaidie mambo manne. Kwanza, uwe na simu mbili, zote zimejaa chaji. Pili, utafute earphone za waya, hata zile za kawaida. Tatu, tukae chumba chenye zulia au kitanda, televisheni imezimwa. Nne, awepo kijana mmoja wa kukusaidia kubonyeza, nitamwelekeza mimi. Tukimaliza, usifute kitu chochote kwenye simu mpaka nikuambie nimepokea. Asante sana mzee wangu."

Huyo kijana ni mtu muhimu sana. Mpigie yeye peke yake dakika kumi kabla, mpe kazi zake, na umtaje jina mwishoni mwa kipindi akipenda. Mzee anayeanza mahojiano akihangaika na vitufe huwa amechoka kabla ya swali la kwanza.

Ujumbe huo pia ni mahali pa kueleza mahojiano yatatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sauti na sura ya mtu ni taarifa zake binafsi. Siku ya kurekodi, kabla ya maswali, mwombe ataje jina na kusema kwa kinywa chake kwamba amekubali kurekodiwa na kutangazwa. Kama unachapisha vipindi mara kwa mara, soma pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake, zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

4. Chumba kwanza, maiki baadaye

Nyumba zetu za kisasa zina vigae chini, plasta ukutani na jipsamu juu. Vyote vitatu hurudisha sauti. Mtu akiongea sebuleni, maiki inapokea sauti yake mara mbili, ile ya mdomoni na ile iliyogonga ukuta ikarudi, na msikilizaji anahisi kama mnaongea ukumbini. Mwangwi wa namna hiyo ni mgumu kuutoa kuliko hata mngurumo wa friji.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unabaki hewani kidogo, hama. Chumba cha kulala karibu kila mara kinashinda sebule: kina godoro, mapazia, na kabati la nguo ambalo ukiacha milango wazi linameza sauti vizuri. Bahati yetu ni kwamba baridi ya Juni na Julai imetufanya kila nyumba iwe na mablanketi mazito. Tundika moja nyuma ya anayeongea, kwa kuwa huko ndiko maiki inakotazama, na jingine mbele yake nje ya picha, ukutani ambako sauti yake inaenda kugonga. Mapazia mazito ya mitumba, yale yanayouzwa Memorial pale Moshi, yanafanya kazi hii bila kutafuta sponji za studio.

Zima friji kama chumba kiko jirani na jiko, na uache funguo zako za nyumba juu yake ili usisahau kuiwasha. Zima feni. Funga dirisha la upande wa barabara hata kama kuna joto. Saa ya ukutani inayogonga tik tik itoe chumbani kabisa.

5. Maiki na umbali

Swali ninaloulizwa sana ni ninunue maiki gani, na jibu langu huanza na umbali. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya mdomo inapanda kwa desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale. Hakuna kifaa cha laki kadhaa kitakachokupa faida hiyo ukikaa mita moja mbali nacho. Simu ya kawaida iliyo shibiri moja kutoka mdomoni hurekodi sauti safi kuliko maiki ya gharama iliyowekwa mwisho wa meza.

Kwa mtangazaji anayeweza kununua, chagua maiki ya dainamiki ya USB kama Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x. Dainamiki husikia vizuri kilicho karibu na kupuuza cha mbali, na kwa mitaa yetu yenye mbwa, majogoo na mafundi wa kuchomelea ndicho unachotaka. Kondensa, aina nyingine ya maiki, ni nzuri, ila inachukua kila kitu. Iache kwa chumba kilichotulia kweli. Iweke maiki pembeni kidogo ya mdomo, siyo mbele kabisa, ili herufi za P na B zisipulize.

Kwa mgeni, maiki ya kubana kwenye nguo kama Boya BY-M1 inatosha. Ina waya wa mita 6 na swichi: kwa simu iweke upande wa simu, kwa kamera upande mwingine unaotumia betri. Swichi ikikaa upande usio wake, sauti inakuwa hafifu au haipo. Ibane kifuani, kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu, lanyadi ya kitambulisho au ukingo wa kitenge kinachosugua.

Mgeni asiye na maiki yoyote aweke simu ya kurekodia mbele yake juu ya vitabu, maiki ya chini ikimtazama, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isigonge. Simu hiyo iwe kwenye hali ya ndegeni. Kwenye iPhone, nenda mipangilio ya Voice Memos ubadili ubora wa sauti uwe wa juu kabisa, usiopoteza kitu (Lossless). Kwenye Android, programu ya Easy Voice Recorder inarekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Chagua kHz 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde) popote unaporuhusiwa, kwa sababu video nazo hutumia kHz 48. Saa moja ya WAV ya chaneli moja ni karibu MB 345 kwa biti 16 na karibu MB 520 kwa biti 24, hivyo angalia nafasi mapema.

Kuhusu kiwango: mgeni aongee kwa nguvu atakayoongea nayo kweli, na mwombe acheke kidogo, maana kicheko ndicho hupasua sauti. Vilele vikae karibu na desibeli -12. Sauti ndogo inaongezeka wakati wa kuhariri. Iliyopasuka haishoneki.

Earphone ni lazima kwa wote wawili. Bila earphone, sauti yako inatoka kwenye spika ya mgeni na kuingia kwenye maiki yake. Programu ya maongezi inajaribu kuzuia mwangwi huo kwa kumnyamazisha mmoja kila mnapoongea pamoja, na simu ya kurekodia inakuwa na sauti yako ndani ya sauti yake. Ziwe za waya. Za Bluetooth, zikitumika kusikiliza na kuongea kwa pamoja, hushuka kwenye ubora wa simu ya kawaida, kHz 8 au 16, na pia huisha chaji katikati ya hadithi.

6. Picha

Mwanga wa dirisha unashinda taa nyingi za duara. Mgeni akae dirisha likiwa mbele yake au pembeni kidogo, kamwe lisiwe mgongoni. Jua likiingia moja kwa moja, tandaza pazia jepesi jeupe au net. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo dirisha la mashariki lina jua kali asubuhi, na la magharibi linaanza kuchoma kuanzia saa 9 alasiri. Giza nalo linaingia haraka. Mahojiano ya saa nzima yanayoanza saa 11:30 jioni yataanza na uso unaong'aa na kuishia gizani, na vipande havitaunganika.

Ukitumia taa za umeme, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50. Taa nyingi za LED za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyowekwa kwa nchi za hezi 60 itaonyesha mistari inayopanda na kushuka ukutani. Kwenye mipangilio ya kamera tafuta kipengele cha kuzuia kumeta uchague 50 Hz, rekodi fremu 25 kwa sekunde kama simu inaruhusu, na kama unaweza kuweka shata mwenyewe iwe 1/50. iPhone ina sehemu ya kuwasha fomati za PAL, humo ndimo fremu 25 zilimo.

Mkirekodi picha pia, tafuteni simu nyingine ya kamera mbali na ile ya kurekodia sauti. Tumia kamera yake ya nyuma, ni bora zaidi ya ile ya mbele. Simu isimame kwenye stendi au rundo la vitabu, lenzi ikiwa usawa wa macho, ikiwa imelala kwa upana. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Bonyeza na kushikilia uso wa mgeni kwenye skrini ili fokasi na mwanga vijifunge, visibadilike kila anapopunga mkono. Simu ya maongezi iwe karibu kabisa na simu ya kamera, chini kidogo ya lenzi; akikutazama wewe, mtazamaji ataona anatazamwa yeye.

1080p inatosha. Kwa iPhone, dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni karibu MB 60 kwenye fomati mpya na MB 130 kwenye ile ya zamani, yaani GB 3.6 au 7.8 kwa saa. Vua kava la simu na usiiache juani, kwa sababu ikipata joto sana itazima kamera yenyewe. Mimi hupumzisha kila dakika 25 hivi: kijana anasimamisha, anaanza tena, mgeni anakunywa maji. Mafaili madogo pia ni rahisi kutuma.

Nyuma ya mgeni angalia kioo, televisheni na picha za watoto ambao wazazi wao hawajaulizwa.

7. Umeme na bando

Angalia uniti za LUKU kabla ya kuanza, zako na za mgeni. Ruta iwe kwenye UPS ndogo (betri ya akiba) ya 12V kama unayo, na kompyuta iendeshwe na betri wakati wa kurekodi. Chaja nyingi huingiza mngurumo wa hezi 50 kwenye maiki ya USB, na ukichomoa utausikia unapotea.

Pima mtandao siku hiyohiyo na saa ileile utakayorekodi, na utazame kasi ya kupakia badala ya ile ya kupakua. Kwa maongezi ya video ya watu wawili ya 720p, Zoom inataja Mbps 1.2 kwenda na kiasi hicho kurudi. Saa moja itakula MB 540 kila upande, zaidi ya GB 1 kwa jumla. Sauti peke yake inahitaji kbps 60 hadi 80, chini ya MB 40 kwa saa kila upande. Ndiyo maana mtandao ukisuasua, zimeni video za maongezi bila wasiwasi: picha halisi inarekodiwa kwenye simu ya pembeni. Muonane kwanza mnaposalimiana, kisha zimeni.

Uwe na laini ya pili ya mtandao mwingine yenye bando tayari. Ukigawa mtandao kutoka kwenye simu kwenda kompyuta, tumia waya wa USB. Unatulia kuliko waifai.

8. Kuanza

Simu zote kwenye Usinisumbue. Anzisha rekodi ya akiba ya Zoom, rekodi yako, kisha ya mgeni, sauti na kamera. Mwulize kijana asome saa ya kurekodi kwa sauti: "Inahesabu?" Akisema dakika 0 na sekunde 20, nawe umeona ya kwako, ndipo mwendelee.

Kila mmoja apige kofi moja mbele ya kamera yake. Halafu kaeni kimya sekunde 30. Kimya hicho ni sauti ya chumba, utakitumia kusafisha kelele na kuziba mapengo.

Ila kabla ya yote hayo, rekodini dakika moja ya maongezi ya majaribio, msimamishe, kijana aicheze uisikie. Dakika hiyo inaokoa saa nzima.

9. Wakati wa mahojiano

Kiswahili hakisikilizwi kimyakimya. Mtu akisimulia tunamwitikia: eeh, naam, kabisa, kumbe. Ana kwa ana ni adabu, lakini mtandaoni itikio lako linamfikia limechelewa, linamkuta ameshaanza sentensi nyingine, naye anasimama akidhani unataka kusema. Mweleze kabla kwamba utaitikia kwa kichwa, au kama video zimezimwa, kwamba kimya chako ni kusikiliza. Kwa mzee hili liseme kwa heshima zote, vinginevyo atafikiri umemchoka.

Akimaliza, hesabu moja, mbili, ndipo uulize. Swali moja kwa wakati.

Na umwambie jambo hili kwa uzito kuliko yote: mtandao ukikata, asinyamaze. Amalizie alichokuwa anasema, kwa sababu simu iliyo mbele yake inamsikia. Nilimhoji mzee mmoja wa Kibosho aliyefanya kazi ya kupokea kahawa kwenye chama cha msingi chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Alikuwa anaeleza jinsi alivyochukua punje kwenye gunia, akaipasua ganda kwa ukucha wa kidole gumba na kuitazama rangi kabla ya kuruhusu gunia lipande mizani, na pale pale mtandao ukapotea. Mimi sikusikia kitu. Yeye aliendelea, akamweleza mjukuu aliyeshika simu, akamtajia hata majina ya akina mama waliokuwa wakifika wa kwanza alfajiri. Nilipofungua faili lake, kipande kile ndicho kilikuwa bora kuliko vyote, na ubaridi wa sauti ya kuongea na mgeni wa mbali ulikuwa umeondoka kabisa.

Mtandao ukirudi, mwombe akueleze kwa ufupi alipofikia ili maswali yako yaendane, halafu endeleeni. Andika kwenye karatasi saa ya kila mkatiko, kelele ya bodaboda au jogoo. Karatasi hiyo itakupunguzia kazi ya kuhariri kwa nusu.

Mwisho, kabla ya kuzima chochote, pigeni kofi la pili.

10. Kukusanya mafaili

Sauti itumwe kwa WhatsApp kama hati, siyo kama sauti ya kawaida wala video ya kawaida, maana hizo hubanwa. Hati inaruhusiwa hadi GB 2, kwa hiyo WAV ya saa nzima inapita. Video ni mzigo mwingine. GB 3.6 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2 ni saa nne, na bando la watu. Google Drive inatoa GB 15 bure na inafaa kama mgeni ana waifai. Kama yuko Moshi nawe uko Arusha, ni kilomita 80 tu: kijana ahamishie mafaili kwenye flashi, aitume kwa basi, uipokee stendi siku hiyohiyo. Nauli ya kifurushi mara nyingi ni nafuu kuliko bando, na gharama hiyo ni yako, mtumie kabla hajauliza.

Ukipokea, fungua kila faili usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Lipe jina lenye tarehe na jina la mgeni. Nakili sehemu mbili.

11. Kuoanisha na kuhariri

Weka rekodi ya akiba ya Zoom kwenye treki ya kwanza kama rula. Chini yake weka sauti yako, kisha ya mgeni, ukizisogeza mpaka mawimbi yafanane na ya akiba. Usijaribu kuwaoanisha watu wawili kwa kofi zao, kwa sababu kofi la mgeni lilikufikia limechelewa. Kofi kazi yake ni kuunganisha sauti na video ya mtu mmoja. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata toleo la bure, huoanisha hayo lenyewe kwa kusoma mawimbi.

Saa za vifaa viwili hazilingani kabisa. Mafaili yaliyokaa sawa mwanzoni yanaweza kuachana kwa sehemu ya sekunde baada ya saa moja, na midomo ikaonekana imechelewa. Hapo ndipo kofi la mwisho linakufaa: pima tofauti, kisha kata sauti kwenye vituo vya pumzi kila baada ya dakika kumi hivi na kusogeza kidogokidogo. Kuachana kukiwa kukubwa, video za simu huwa zimerekodiwa kwa fremu zisizo sawa. Zipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake ukichagua fremu zisizobadilika.

Kwa sauti, Audacity ni ya bure na inatosha. Chagua zile sekunde 30 za kimya kama mfano wa kelele, kisha punguza kelele kwa kiasi, desibeli 6 hadi 12. Ukizidisha, sauti ya mtu inakuwa kama iko ndani ya maji. Nyamazisha treki ya asiyeongea ili pumzi na vikohozi visijae, lakini ziba kwa sauti ya chumba, usiache kimya cha kaburi. Acha vituo vya mzee kufikiri; kata vile tu vilivyoletwa na mtandao.

Mwisho pandisha kiwango cha jumla kifike LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) na kilele kisizidi desibeli -1, kama Apple Podcasts wanavyopendekeza. Kwenye Audacity kazi hiyo inafanywa na kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti. Badili ile -23 unayoikuta iwe -16. Sikiliza kipindi kizima mara moja kwa earphone za kawaida na mara moja kwa spika ya simu, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wako kwenye daladala au jikoni.

Kikishatoka, mtumie mgeni kiungo pamoja na kipande kifupi cha dakika moja anachoweza kuweka kwenye hali yake ya WhatsApp, na umwambie yeye na kijana wake kwamba sasa wanaweza kufuta mafaili kwenye simu.